Ilizimika Nikiwa Peke Yangu

Tulimzika fundi Wekesa huko Rongai mwezi uliopita, siku ya Ijumaa, kwenye kipande cha shamba alichonunua alipoacha kutengeneza matrekta. Nilitoka Nakuru mapema, nikafika kabla ya mwili, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema na kumsikiliza binti yake akisoma maisha ya baba. Alitaja mashamba ya ngano aliyofanyia kazi, mashine za kuvuna alizofufua wakati wenyewe walishazikatia tamaa, kanisa alilosaidia kuezeka. Pikipiki haikutajwa hata mara moja. Sikushangaa, kwa maana katika maisha yake marefu pikipiki yangu ilimchukua nusu siku. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni wa familia ama ni wa kanisa?" Nikamjibu kwamba nilikuwa mteja. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyekosea njia akaingia matanga ya wenyewe, kisha akanisogezea sahani yenye wali na nyama. Nilikula nikiwa nawaza Olenguruone.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopanda huko mara ya kwanza, nimetoka chuoni juzi. Chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa kilikuwa kimeniajiri kupandisha ng'ombe kwa mrija. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mbegu za madume wazuri hukaa ndani ya vijiti vyembamba, kwenye mtungi wenye baridi ya kuunguza kidole. Ng'ombe akipatwa na joto, mwenyewe anatuma habari, nawe una saa chache tu za kumfikia. Ukichelewa, joto limepita, na hakuna la kufanya ila kungoja siku nyingine ishirini na moja. Tena sisi wenyewe ndio tuliozunguka na mikutano tukiwahubiria watu waache madume ya kienyeji, wawauze, watutegemee sisi. Waliwauza. Kwa hiyo chama kilinipa mtungi, koti la mvua, buti za mpira na pikipiki nyekundu iliyokuwa imepita mikono ya watu wawili kabla yangu, na wakulima wakaanza kuniita daktari.

Nilikodi chumba cha mbao nyuma ya duka la Mama Chepkoech, mwanamke mwenye sauti nene na moyo mwema. Baridi ya kule haibishi hodi. Ilipenya kati ya mbao, nami nikaziba nyufa kwa magazeti yaliyopakwa gundi ya unga wa ngano, lakini sauti hazikuzibika. Jioni nikiwa nimeinama juu ya jiko la makaa, nikigeuza ugali wangu kando ya sufuria ya mboga ya saga, nilikuwa nasikia kila neno lililosemwa dukani. Nilijua nani ameposwa, nani amekosana na kasisi, viazi vya nani vimepigwa na baridi. Miezi michache baadaye nilianza kusikia na habari zangu.

Ile pikipiki ilikuwa na mlio mdogo juu ya injini, tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye kikombe. Meneja wa chama, Bwana Koros, aliusikia siku moja nikiwa naiwasha uani mwa ofisi. "Daktari, hiyo kitu inalia kama cherehani," akasema. "Watu watasema tumekupa takataka." Niliona aibu kana kwamba ni tumbo langu lililonguruma. Siku hiyohiyo nikaipeleka kwa Kibet, fundi wa pale sokoni, kijana mchangamfu aliyefanya kazi huku akitania kila anayepita. Nikamwambia ainyamazishe. Alifungua kifuniko kidogo, akazungusha spana kwa dakika tano, akafunga. Injini ikawa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Nilimshukuru sana.

Wiki tatu baadaye, kwenye mlima wa kuelekea Kiptagich, ilizimika. Haikukohoa wala haikutetemeka. Nguvu zilipungua kidogokidogo, nikashusha gia, nikashusha tena, halafu kimya. Nikasikia ndege na upepo kwenye miti. Nilipiga kiki mpaka goti likauma, na jambo moja nililiona siku ileile ya kwanza: kiki ilikuwa laini. Kwa kawaida ilikuwa inaukinza mguu, lakini sasa ilishuka kama unakanyaga unga. Nilikaa kando ya barabara na mtungi wangu, nikatazama mawingu, na baada ya kama nusu saa nikajaribu tena bila tumaini. Ikawaka. Nikafika nilikokuwa naenda, nimechelewa, nikaomba radhi.

Ikawa ndiyo tabia yake. Asubuhi ilikuwa inawaka bila shida, ikishuka haikuwa na neno, lakini nikiipandisha milima kwa dakika arobaini hivi, inakufa. Kibet alifungua kabureta akaisafisha kwa petroli na brashi ya meno. Akabadilisha plagi. Akatoa tangi akalikung'uta, akasema ni uchafu. Kila mara alizunguka nayo soko zima, akarudi anatabasamu. "Iko poa, daktari. Labda ni choki unasahau." Nikamwambia habari ya kiki kuwa laini. Akacheka, bila ubaya wowote. "Kiki ni kiki tu. Labda mguu ndio umechoka." Watu wawili waliokuwa wakinunua bomba la baiskeli wakacheka pamoja naye, nami nikacheka pia, maana sikujua la kufanya na uso wangu.

Meneja akaamua ishuke Nakuru, kwenye gereji moja kubwa upande wa viwandani. Tuliipakia kwenye lori la viazi. Ilikaa huko siku mbili, wakabadilisha koili na waya wa plagi, wakaiwasha mbele yetu ikanguruma robo saa nzima bila kutikisika. Mwenye gereji alifuta mikono kwa kitambaa, akamgeukia Bwana Koros, mimi nikiwa nimesimama hapo katikati yao. "Mzee, pikipiki haina shida," akasema. "Mwambie tu asiwe anapanda mlima na gia kubwa. Na asishikilie klachi." Bwana Koros aliitika kwa kichwa. Nilisema, "Lakini huzimika ikiwa imepanda kwa muda mrefu." Mwenye gereji akasema tena, bado anamtazama meneja, "Ndiyo hivyo. Mwambie."

Leo nikiwafundisha vijana wanaoanza kazi hii huwa nawaambia wamsikilize mwenye ng'ombe hata akisema jambo la ajabu. Sikujifunza hilo darasani. Kuna upweke wa namna yake katika kuona jambo ambalo halitokei mbele ya mtu mwingine yeyote. Mwanzoni nilikuwa na hakika. Kufikia katikati ya mwaka nilianza kujichunguza: je, ni kweli nasahau choki? Nilikuwa najisemea kwa sauti njiani kila nilichofanya, gia ya pili, klachi nimeachia, choki iko chini, kama mtoto anayekariri. Ikazimika vilevile. Jioni moja, nikiwa nakula viazi vya kuchemsha na chumvi, nikamsikia Mama Chepkoech akimwambia mteja, "Mimi sina ubaya na huyo msichana. Lakini pikipiki inazimikaje kila siku akiwa peke yake? Akiwa na mtu, haizimiki. Mimi naona huyo amechoka na kazi tu." Niliweka kiazi chini polepole ili sahani isilie, wasije wakajua ninasikia.

Sasa nimtaje Kogo Rael. Kogo ni bibi kwa Wakipsigis, na kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wenzake. Aliishi mwisho kabisa wa njia ya Kiptagich, mahali ambapo hakuna nyumba nyingine baada ya yake, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, aliyemwita Sifa. Sifa alikuwa anakaribia kukauka. Ng'ombe asiposhika mimba, maziwa yanapungua mpaka yanakwisha, kisha unabaki unalisha kitu kinachokula tu. Mara ya kwanza Kogo Rael alipotuma habari, pikipiki ilizimika mara mbili njiani, nikafika jua limelala. Sifa alikuwa amelala pia, anatafuna, ametulia. Joto limepita. Kogo alikuwa amesimama langoni tangu adhuhuri. "Si neno," akasema. "Atarudi tena." Siku ishirini na moja zikapita. Mara ya pili mvua ilinikuta, nikachelewa tena. Akasema tena si neno, na akanifungia kabichi kwenye gunia nipeleke nyumbani.

Mara ya tatu niliapa sitashindwa. Pikipiki ilipozimika nusu ya njia, sikungoja ipoe. Nilihamisha vijiti vitatu kwenye chupa ndogo ya baridi, nikaiacha pikipiki kwenye nyasi, nikatembea, na kwenye tambarare nikakimbia, buti zikinipiga miundi. Siku hizo pikipiki za kubeba watu hazikuwa zimejaa kila kona kama leo, na hakuna gari lililonipita. Nilifika nahema. Kogo alimshika Sifa, nikafanya kazi yangu, lakini mkono wangu ulishajua. Ute wa joto ulikuwa umekauka. Nilimpandisha hata hivyo, kwa sababu sikuweza kumwambia yule mzee kwamba ni bure. Nilimwambia, "Tuombe Mungu." Akafumba macho akaomba palepale, kwa sauti, mkono wake juu ya mgongo wa ng'ombe. Mimi sikuweza kufumba yangu.

Mimba haikushika. Nilihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, na asubuhi ya siku ya ishirini na moja sikungoja habari wala ruhusa. Niliondoka kungali na umande. Nilitembeza pikipiki polepole, nikapumzika kabla haijaniomba, nikaizima mwenyewe mara mbili ipoe. Hata hivyo kwenye mlima wa mwisho, karibu kabisa, nikasikia nguvu zikiisha. Kiki laini. Nilikuwa nimeinama nikiipepea injini kwa kofia yangu, nikikumbuka naona haya, niliposikia ng'ombe akilia. Kilikuwa kile kilio kirefu cha ng'ombe aliyepatwa na joto. Nikainua kichwa. Sifa alikuwa anateremka barabarani amefungwa kamba, akivutwa na mtoto wa kiume wa Kogo Rael aitwaye Weldon, mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya majani chai Kericho. Kogo alikuwa nyuma, na fimbo, na kiondo. Ilikuwa siku ya soko.

"Chamgei, daktari," Kogo akasema. "Imekataa tena?"

Sikumjibu salamu. Nilimwambia Weldon, "Yuko joto. Leo ndiyo yenyewe. Mtungi ninao hapa. Nimpandishe hapahapa barabarani, dakika kumi tu."

Weldon alisimama. Hakuwa mtu mkali; alikuwa amechoka tu, naona sasa, mtu aliyeomba ruhusa kazini ili aje afanye jambo ambalo halimfurahishi. "Daktari," akasema, "mnunuzi anangoja. Tulishapatana."

"Ni nani mnunuzi?"

Akatazama pembeni. "Ni wa buchari."

"Nakuomba. Dakika kumi."

"Umekuwa na miezi miwili," akasema. Hakupandisha sauti. Heri angeipandisha.

Nilimtazama Kogo, nikitumaini atasema neno. Yeye alikuwa anafungua kiondo chake. Akatoa mahindi mawili ya kuchemsha, yangali na joto ndani ya maganda yake, chakula chao cha njiani, akaniwekea juu ya kiti cha pikipiki. "Kula," akasema. "Umetoka bila kula." Kisha wakaendelea kuteremka. Sifa aliendelea kulia mpaka kwenye kona, na baada ya kona bado nilimsikia. Nilisimama pale na vijiti vya mbegu vya kutosha kijiji kizima. Baada ya muda, kwa mazoea tu, nikapiga kiki. Ikawaka.

Mwisho wa mwezi huo Bwana Koros alisema pikipiki iuzwe. Alikuwa amempata mfanyabiashara wa nafaka pale Rongai, nami nikaambiwa niishushe mwenyewe nirudi kwa gari. Sikubisha. Moyoni nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Nilishuka kupitia Molo, na kwa kuwa ni mteremko, pikipiki ilikwenda vizuri kama iliyotoka dukani. Kwenye ghala la mahindi nilimkuta mnunuzi na mzee mfupi mwenye ovaroli iliyofifia, aliyekuwa amelala chini ya trekta. Mnunuzi akamwita atoke aikague. Huyo ndiye alikuwa Wekesa. Aliiwasha, akasikiliza, akaizima. Halafu akaniuliza mimi, si mnunuzi, "Mama, ina shida gani?"

Ningeweza kusema haina. Kila fundi alikuwa ameshasema haina. Lakini nilikuwa sina nguvu tena hata ya kudanganya, nikamwambia yote, na nikasubiri acheke.

"Ikizimika," akauliza, "kiki inakuwaje?"

Katika miezi yote ile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. "Inakuwa laini," nikasema. "Kama unakanyaga unga."

Mnunuzi aliposikia hivyo alipungia mkono akaenda zake ghalani. Wekesa alichukua spana chache akazifunga kwenye kitambaa, akapanda nyuma yangu. "Twende tukaizimishe," akasema.

Tulirudi njia ileile ya kupanda Molo, wawili juu yake, kwa gia ya pili, jua la saa sita likiwa juu yetu. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Nilipohisi nguvu zinaisha niliogopa ajabu kwamba itajirekebisha, kwamba itanisaliti mbele yake pia. Ikafa. Wekesa akashuka, akapiga kiki mara moja kwa mkono, akatikisa kichwa. "Ni kweli," akasema. Nilikaa kwenye nyasi nikalia, naye akajifanya hanioni, akafungua kile kifuniko kidogo juu ya injini huku akipuliza vidole kwa sababu ya moto wa chuma.

Alinionyesha. Kuna kisigino cha chuma kinachoisukuma valvu, na kati yake na valvu lazima kuwe na upenyo mdogo. Upenyo wangu haukuwepo. Chuma kikipata moto kinavimba, akaeleza, na kama hakina pa kuvimbia, kinaiacha valvu wazi, basi pumzi ya injini inatoroka, ndiyo maana kiki inalegea. Ikipoa, inafunga tena. "Nani alikaza hapa?" akauliza. Nikakumbuka ule mlio, na Kibet, na nani aliyemwagiza. Nikamwambia ni mimi niliyetaka inyamaze. Hakunigombeza. "Hizi lazima zilie kidogo," akasema. "Ikinyamaza kabisa, uogope." Tukakaa tukaingoja ipoe vizuri, tukila machungwa aliyokuwa nayo mfukoni. Kisha akatoa wembe mkuukuu kwenye pochi, akaupitisha katikati ya vile vyuma, akalegeza nati mpaka wembe ukateleza bila kukwama, akakaza. Basi. Upana wa wembe. Tik-tik-tik ikarudi, na sikuunyamazisha tena mlio huo, wala pikipiki haikuzimika tena njiani.

Mnunuzi alikuwa ameshabadilisha nia, kwa hiyo niliirudisha Olenguruone. Kibet nilipomweleza alishika kichwa kwa mikono miwili akasema pole mara nyingi. Bwana Koros alisema tu, "Afadhali." Barua sikuitoa. Wiki hiyo nilifika kwa kila aliyeniita, na mara nyingine nilimkuta mwenye ng'ombe hajamaliza hata kumfunga.

Jumapili nikaenda kwa Kogo Rael. Hakuwa ameniita; hakuwa na cha kuniitia. Boma la Sifa lilikuwa limefagiliwa, na kamba imeviringwa vizuri ikaning'inizwa. Kogo alinikalisha jikoni, akanipa chai ya rangi kwenye kikombe kikubwa, akaniomba radhi kwa hiyo rangi. Nikamwambia pikipiki imepona. Akapiga makofi kabisa, akamshukuru Mungu. Halafu akaniuliza, kwa hamu ya kweli, "Ilikuwa nini?"

Niliinua mkono nimwonyeshe kwa vidole ule upenyo, mwembamba jinsi gani, dakika chache kiasi gani zilitosha kuurekebisha. Mlango wa jikoni ulitazamana na lile boma. Nikashusha mkono.

"Ni kitu kikubwa, Kogo," nikasema. "Kilikuwa ndani kabisa."

Akaitika kwa kichwa, ameridhika. "Nilijua," akasema. "Niliwaambia hapa, kitu kidogo hakingemshinda yule mtoto."

Nikainywa ile chai mpaka chini. Alinisindikiza hadi langoni, akasimama aone nikiondoka, nami nikapiga kiki, na ikawaka mara moja.